Vani au pikapu kwa kuvuta tela la tani mbili?

#1 SpanaKumiNaTatu
Wakuu, naomba mwongozo. Tela ni la ekseli mbili, breki za kusukumana (zinashika tela linapolisukuma gari), likijaa linasoma 2,000 kg kwenye mizani. Ndani ya gari watakuwemo watu watatu na vifaa vya kama 500 kg: jenereta, mashine ya kuchomelea, mabomba. Njia nusu lami nusu vumbi, milima ipo. Msimamo wangu hadi sasa ni pikapu, kwa sababu ina chesisi. Vani ni bati tupu, ukiifunga toba (chuma cha kuvutia tela) itang'oka na sakafu. Nipingeni.

#2 DifuLoki
Toba ikifungwa vibaya lazima mtu atubu, hilo halina ubishi.

Kwa kuvuta peke yake, Hilux, Ranger na D-Max za dizeli, matoleo mengi ya miaka ya karibuni, zimeandikiwa 3,500 kg kwa tela lenye breki. Transporter T6 katika matoleo mengi inafika 2,500. Tani mbili zinavutika na zote. Kwa hiyo swali lako si nani anaweza kuvuta. Ni nani anaweza kuvuta huku amebeba hizo nusu tani na watu watatu.

#3 BatiSiKaratasi
"Bati tupu" nalikataa. Chinichini ya sakafu ya vani kuna mihimili miwili ya bati lililokunjwa kama sanduku, imechomelewa na sakafu kwa urefu wote. Toba ya vani inaingia ndani ya mihimili hiyo au inaibana kwa pembeni, kwa matundu yaliyotobolewa kiwandani. Mvuto unatawanyika.

Kinachong'oka ni kazi mbovu. Nazionaga za aina mbili:

Ya kwanza, fundi anatoboa tundu jipya kwenye bati la sakafu, anaweka washa ndogo, anakaza. Bati linabonyea kama kikombe, bolti inalegea, baada ya muda ufa unaanzia kwenye tundu. Ya pili, anapitisha bolti ndefu katikati ya mhimili bila kuweka kipande cha bomba ndani. Mhimili ni mtupu, kila ukikaza unaubonyeza, kwa hiyo bolti haikazi kamwe. Ukitia kibomba cha chuma kinachojaa ndani ya mhimili, bolti ya M12 ya daraja 8.8 inakubali karibu 80 Nm bila kubonyeza kitu. Halafu rudia kukaza baada ya kilomita 1,000 za kwanza. Watu hawarudii.

#4 MzaniHaudanganyi
Nakazia #2. Mleta uzi, soma bamba la gari kabla ya kusoma tangazo. Kwenye magari mengi bamba lina mistari minne ya kilo: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari, wa pili ni uzito wa juu wa msafara mzima yaani gari pamoja na tela, wa tatu ekseli ya mbele, wa nne ekseli ya nyuma. Mvutaji anayejua mstari wa pili na wa nne hashangazwi njiani.

Sasa hesabu yako. Pikapu ya dabo kebini, tuseme inabeba 1,000 kg kwa makaratasi. Ongeza bampa la chuma mbele, 60. Kava la chuma nyuma, 90. Umebakiwa na 850. Watu watatu 240, vifaa 500, na kichwa cha tela kinalalia tufe (mpira wa chuma wa toba) kwa 200 hivi (10% ya tela). Jumla 940. Umezidisha 90 na gari halijawashwa.

Vani ya 1,200 kg haina bampa wala kava. Inabaki na nafasi.

#5 SpanaKumiNaTatu
Duh. Kumbe kilo za kichwa cha tela zinahesabiwa kama mzigo wa gari?

#6 MajaniSaba
Zinahesabiwa, ila usiogope. Hizo 200 zinaenda ekseli ya nyuma, na pikapu ina springi za majani. Ongeza jani moja au weka mifuko ya hewa katikati ya springi na chesisi, gari linanyooka, safari inaendelea. Vani nyingi za mbele-inavuta (zinasukumwa na magurudumu ya mbele), nyuma zina ekseli ya bomba na jani moja dogo tu.

#7 KipimoKamili
#6 kuna makosa mawili humo, moja la hesabu na moja la chuma.

La hesabu: 200 kg kwenye tufe haziongezi 200 kwenye ekseli ya nyuma. Tufe liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo gari linafanya kazi kama mizani ya kubembea. Pikapu yenye 310 cm kati ya ekseli na ekseli, tufe likiwa 124 cm nyuma ya ekseli ya nyuma:

200 × (310 + 124) ÷ 310 = 280

Ekseli ya nyuma imepokea 280, na ya mbele imepunguziwa 80. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika angani. Vani ya 330 cm na tufe 115 cm nyuma inapata karibu 270 nyuma, mbele inapoteza 70.

La chuma: jani la springi linashika chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko wa hewa unasukuma sehemu moja, juu kabisa ya ekseli. Mbele yake kuna kebini na injini, nyuma yake kuna mzigo na tela vinavuta chini. Ukijaza hewa ili gari "linyooke", umeiwekea chesisi kizingiti katikati. Barabara ya makorongo inamaliza kazi: chesisi inakunjika kati ya kebini na bodi ya nyuma. Dalili ya kwanza ni uwazi kati ya kebini na bodi: juu unaachia, chini unabana, kwa sababu mkia umeshuka.

#8 MajaniSaba
Mkuu umekuja na rula na bikari kabisa. Hesabu naikubali. Kwenye chesisi sikubali mifuko ibebeshwe lawama yote. Ukitazama zilizokunjika, nyingi zina mzigo mzito uliowekwa nyuma ya ekseli: tairi la akiba, boksi la vifaa mkiani, jeri za maji, kisha tela. Mfuko wa hewa ulificha tu. Bila mfuko gari lingekaa chini na dereva angeshtuka.

#9 KokotoNaVumbi
Na wa tatu ni mwendo. Mzigo uleule kwa 40 na kwa 80 kwenye njia ya bati (vumbi lenye mawimbi) si mzigo mmoja. Tela likiruka linaivuta ile ncha ya nyuma juu na chini mara elfu. Chuma kinachoka.

#10 MvutaBoti
Mnasahau magurudumu yanayosukuma. Vani ya mbele-inavuta, kwa hesabu ya #7, imepoteza 70 kg kwenye magurudumu yaleyale yanayotakiwa kushika njia. Panda mlima, uzito unarudi nyuma zaidi. Kwenye nyasi mbichi au mteremko wa kutolea boti majini magurudumu ya mbele yanazunguka bure huku tela limekaa. Kwa pikapu au vani ya nyuma-inavuta kichwa cha tela kinasaidia, kinakandamiza tairi zinazosukuma.

Ila wenye pikapu ya fo-bai-fo ya kawaida, isiyo na difu ya katikati: msiweke fo kwenye lami kavu eti tela ni zito. Mbele na nyuma zinataka kuzunguka tofauti kwenye kona, hakuna pa kuachia, mnapotosha shafti na tairi zinaliwa. Fo ni ya utelezi na vumbi.

#11 KufuliLaTufe
Mbona wote mmepita juu ya kitu? #4 na #7 mmeiwekea vani 200 kg kwenye tufe. Vani nyingi zimeandikiwa kikomo cha 100 hadi 120 hapo. Namba ipo kwenye kibati cha toba yenyewe, pembeni ya herufi S. Hilux na Ranger katika baadhi ya masoko zinaruhusiwa 350, lakini gari hilohilo soko jingine linapewa ndogo zaidi, kwa hiyo msome kibati chenu na si cha jirani.

Kwenye kibati hichohicho kuna D, nguvu ya mvuto kwa kilonyutoni. Inapatikana hivi: 9.81 × (gari × tela) ÷ (gari + tela), kwa tani. Gari la tani 3 na tela la tani 2: 9.81 × 6 ÷ 5 = karibu 11.8. Toba yenye D ya 10 hairuhusiwi kwa msafara huo, hata kama ni nene kama mguu.

#12 MzaniHaudanganyi
#11 umenishika, nakubali. Basi kwa vani tela lake lipangwe upya lilalie 100, yaani 5%.

#13 DifuLoki
5%? Tela litapiga mkia, yaani litayumba kulia na kushoto. Kanuni ni 10 hadi 15%.

#14 KufuliLaTufe
Hiyo ni kanuni ya Marekani Kaskazini, na kule tela zinajengwa ekseli ikiwa nyuma zaidi, mwendo nao ni mkubwa. Ulaya wanaenda 5 hadi 7% kwa tela zenye ekseli karibu na katikati na mwendo wa chini. Zote mbili zinafanya kazi kwa tela iliyojengwa kwa ajili yake. Ukilichukua la mfumo mmoja ukalipakia kwa kanuni ya mwingine, hapo ndipo kasheshe.

#15 SpanaKumiNaTatu
Hizo kilo za kichwa mnazipimaje? Mizani yangu ya bafuni inaishia 120.

#16 KipimoKamili
Inatosha. Tafuta ubao mgumu wenye zaidi ya 120 cm. Ncha moja iweke juu ya kipande cha bomba juu ya tofali, hiyo ni egemeo. Ncha nyingine juu ya bomba jingine lililolala kwenye mizani, 120 cm kutoka kwenye egemeo. Soma mizani ikiwa na ubao peke yake, andika. Kisha shusha kichwa cha tela juu ya ubao kwa kutumia gogo fupi, 40 cm kutoka kwenye egemeo. Toa ile namba ya ubao, zidisha kwa 3. Mizani ikisoma 62 na ubao ulikuwa 4, kichwa kina 174 kg.

Masharti: tela limepakiwa kama litakavyosafiri, liko kwenye usawa, na kichwa kiko kwenye kimo kilekile cha tufe. Kama ekseli mbili hazina springi zinazosawazishana, kukiinua kidogo tu kunabadilisha namba sana.

Kupunguza au kuongeza: kama kutoka kichwani hadi katikati ya ekseli ni mita 3, kusogeza boksi la 100 kg mbele kwa sentimita 60 kunaongeza 100 × 60 ÷ 300 = 20 kg. Huna haja ya kupakua kila kitu.

#17 TairiNamba
Tukirudi kwenye kupiga mkia, mimi naanza na tairi. Vani inatoka kiwandani na tairi zenye herufi C, ukuta mgumu, mfano namba ya mzigo 116, yaani 1,250 kg kila moja. Pikapu za kifahari zinatoka na tairi laini za starehe; 112 ni 1,120 kg, kwenye karatasi inatosha, lakini ukuta unanesa pembeni. Tela likisukuma tufe kulia, mkia wa pikapu unafuata, dereva anarekebisha, tela linarudi kushoto. Badilisha ziwe za mzigo na ujaze upepo wa mzigo, nusu ya tatizo inaisha.

#18 DifuLoki
Sababu kubwa ni ile 124 cm ya #7. Tufe likiwa mbali nyuma ya ekseli, tela lina mkono mrefu wa kuugeuza mkia wa gari. Vani ina tufe karibu zaidi na ekseli ya nyuma, na ekseli zake mbili ziko mbali zaidi. Hapo vani inashinda na sioni aibu kusema.

#19 KokotoNaVumbi
Na upepo wa pembeni? Vani yenye paa refu ni tanga la jahazi.

#20 BatiSiKaratasi
Lori kubwa likikupita ndiyo, inasukumwa. Lakini nyuma ya vani ndefu tela la boksi limejificha, upepo wa mbele haulipigi uso. Nyuma ya pikapu tela hilohilo linaupokea wote na mafuta unayaona.

#21 MvutaBoti
Vyovyote iwavyo, likianza kupiga mkia: toa mguu kwenye mafuta, usukani unyooke, usifukuzane nalo, usikanyage breki ya nguvu, na usiongeze mwendo eti "ulivute linyooke". Tela la breki za umeme, bonyeza kitufe cha mkono cha kontrola ili lishike lenyewe. La #1 ni la kusukumana, kitufe hana. Kwake dawa ni mwendo mdogo na mzigo usikae mkiani.

Na kwenye mteremko mrefu aelewe hivi: akishikilia kwa gia, tela linasukuma gari muda wote, kwa hiyo breki zake zinashika muda wote kidogo kidogo. Haponi kwa gia peke yake. Shuka taratibu, simama, sogeza kiganja karibu na habu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kebo yake imebana au haijarekebishwa.

#22 SpanaKumiNaTatu
Nimeelewa hilo la breki. Sasa mbona viwanda vinaipa vani kilo chache za kuvuta, kama mihimili iko imara kama anavyosema #3?

#23 KlachiNzito
Klachi na gia. Kwa vipimo vya Ulaya, gari na tela vikiwa vimejaa lazima viweze kuondoka kwenye mlima wa 12% mara tano ndani ya dakika tano. Vani ya mbele-inavuta, gia ya kwanza ndefu, magurudumu mepesi: hapo ndipo kilo zinapokatwa. Halafu kuna kurudi nyuma kupanda. Gia ya rivasi ya vani haina msaada, unaning'iniza klachi hadi inanuka. Pikapu unaweka fo ya chini (gia za nguvu za fo-bai-fo), unarudi taratibu bila kugusa mafuta. Usawa uwe wa vumbi au nyasi, tazama #10.

#24 RejetaSafi
Mimi nasema joto. Pua ya vani ni fupi, rejeta, kondensa ya AC na kipozeo cha tabo vimebanana, hewa haina pa kutokea. Mwenye gia za otomatiki aangalie oili ya giaboksi kabla ya geji ya maji. Maji yakiwa sawa oili inaweza kuwa imeshaungua. Na injini isiyo na tabo inapoteza karibu 10% ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, hiyo ni kwa gari lolote.

#25 KufuliLaTufe
Au ni mstari wa pili wa bamba tu. Vani imepewa mzigo mkubwa ndani, msafara una kikomo, kwa hiyo tela linapunjwa. Pikapu imefanywa kinyume: tela kubwa kwenye tangazo, ndani hubebi kitu. Mfano msafara wa 5,900, tela 3,500, gari tupu 2,100: umebakiwa na 300 kwa watu na mizigo yote.

#26 RejetaSafi
Vani zenye rejeta kubwa mbona zimepewa zaidi?

#27 KlachiNzito
Hizohizo mara nyingi ni za nyuma-inavuta. Umenisaidia kujibu.

#28 NyayaSaba
Samahani kuingilia, nimenunua soketi ya pini saba. Waya mweupe ni taa ya rivasi, sivyo?

#29 BatiSiKaratasi
Hapana! Mweupe ni ethi (njia ya kurudisha umeme), pini 3. Njano indiketa kushoto, pini 1. Buluu taa ya ukungu, 2. Kijani indiketa kulia, 4. Kahawia taa ndogo ya kulia, 5. Nyekundu breki, 6. Nyeusi taa ndogo ya kushoto, 7. Hii ni ya soketi ya duara ya Ulaya. Ya Marekani ya bapa ina mpangilio wake. Ukiona indiketa ikiwaka na taa nyingine zote zinacheza nayo, usibadilishe balbu, safisha ethi.

Kwenye vani mpya usidandie waya wa taa ya nyuma. Kompyuta ya bodi inapima umeme wa kila balbu. Ukiongeza tela inalia au inazima njia hiyo. Weka kisanduku chenye rilei kinachochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Na tela la LED linaweza kusomeka kama balbu zimeungua, maana linakula umeme kidogo mno.

#30 KufuliLaTufe
Kabla hamjafunga, pimeni tufe kwa kalipa. La milimita 50 likilika likafika 49, toa. Na msichanganye 50 na inchi 2, ambayo ni 50.8. Kichwa cha inchi 2 juu ya tufe la 50 kinaingia vizuri kabisa, ndiyo hatari yake: kwenye shimo kinachomoka.

#31 SpanaKumiNaTatu
Ahsanteni. Naegemea vani ya nyuma-inavuta, mstari wa pili nimeusoma unatosha. Swali dogo: jenereta inatoka kwa milango ya nyuma. Tela likiwa limefungwa milango itafunguka?

#32 MajaniSaba
Ya pikapu nayo haishuki, usidhani umekimbia. Inagonga jeki ya kichwa cha tela.

#33 TairiNamba
Mlango wa vani unaofunguka kwenda juu sahau. Ya mabawa mawili: pima kutoka kwenye bawaba hadi ukingo wa mlango, kisha kutoka kwenye mlango uliofungwa hadi mpini wa jeki ya tela. Jeki ikiwa karibu kuliko upana wa bawa, igeuze mpini upande wa pili au ihamishe nyuma kwenye mkono wa tela. La sivyo jenereta itoke kwa mlango wa pembeni.

#34 SpanaKumiNaTatu
Bawa 78 cm, jeki 61. Nageuza mpini kwanza.